Monita ya niti 2,200 "isiyo na waya": unanunua nini hasa?

Desemba ikikaribia, Moshi hujaa watu waliorudi nyumbani kuhesabiwa, na wapiga video hawalali. Ijumaa sendofu, Jumamosi harusi, Jumapili ubatizo, Jumatatu mteja anauliza video iko wapi. Ndio msimu ambao mazungumzo ya vifaa hupamba moto, kuanzia maduka ya Arusha mjini hadi vijiwe vya nje ya kumbi, na gumzo moja siku hizi halikosekani: ile skrini ndogo yenye mwangaza mkali inayofungwa juu ya kamera, ambayo boksi lake linasema inaiongoza kamera bila waya.

"Kaka, hii waya usahau, na picha zako zitang'aa balaa," muuzaji anasema. Mteja analipa. Akifika nyumbani na kufungua boksi, maelekezo yanamwambia kwanza achomeke waya wa HDMI. Hapo simu zinaanza: jamani, nimeuziwa feki?

Hajauziwa feki. Ameuziwa vitu viwili tofauti ndani ya kasha moja, na amevielewa kama kitu kimoja. Kisha juu yake amebebeshwa ahadi ya tatu, ile ya picha kung'aa, ambayo hakuna monita inayoweza kuitimiza.

Tuanze na vifaa vyenyewe. Monita, katika kazi hii, ni skrini ya ziada. Kamera inachukua picha kwa sensa yake, inaihifadhi kwenye kadi yake, na wakati huohuo inatoa nakala ya inachokiona kupitia tundu la HDMI, au SDI kwa kamera za sinema na televisheni. Monita inapokea nakala hiyo na kukuonyesha, basi. Haina lenzi, haina sensa, na nyingi hazirekodi chochote. Zipo zinazorekodi, kama Atomos Ninja, lakini hizo ni jamii nyingine na nitazigusa baadaye.

Niti ni kipimo cha mwangaza unaotoka kwenye uso wa skrini. Niti moja ni kandela moja kwa kila mita ya mraba. Isichanganywe na lumeni, inayopima jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa au projekta. Ukiona monita ya kamera inatangazwa kwa lumeni, aliyeandika tangazo hajui anachouza.

Udhibiti bila waya maana yake ni kwamba monita inaweza kuiagiza kamera: anza kurekodi, simama, pandisha ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), badilisha shata (muda ambao sensa inapokea mwanga kwa kila fremu), rekebisha rangi ya mwanga, na kwa baadhi ya kamera fungua au funga uwazi wa lenzi na kuhamisha fokasi. Maagizo hayo husafiri hewani kwa Bluetooth au Wi-Fi. Unagusa kioo cha monita, kamera inatii.

Picha ina njia yake, amri zina njia yake

Fikiria kisimbuzi cha sebuleni. Picha inashuka kutoka kwenye dishi kwa kebo hadi kwenye kisimbuzi, halafu inaingia kwenye runinga kwa HDMI. Rimoti iliyo mkononi mwako haina waya, lakini haibebi picha hata chembe. Inabeba amri tu: badili chaneli, ongeza sauti. Hakuna anayechomoa HDMI akategemea mechi iendelee kwa sababu rimoti ina betri mpya. Monita hii ni runinga na rimoti vilivyowekwa kwenye kasha moja. Upande wa runinga bado unadai waya wake. Upande wa rimoti ndio ulioachana nao.

Sababu ni uzito wa mzigo. Fremu moja ya video ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Kila pikseli ikibeba biti 24 za rangi na fremu zikipita 25 kwa sekunde, ni takribani biti bilioni 1.24 kila sekunde. Bluetooth ile isiyokula umeme mwingi, inayotumika sana kwa amri za namna hii, kasi yake ya juu hewani ni biti milioni 2 kwa sekunde. Mzigo umeizidi njia kwa zaidi ya mara 600. Amri ya "anza kurekodi", kwa upande wake, ni baiti chache tu. Inapita hapo bila kumgusa mtu bega.

Vifaa vya kurusha picha bila waya vipo, na kampuni kama Hollyland, Teradek na Accsoon zinaishi kwa kuvitengeneza. Lakini hivyo ni vifaa vya peke yake. Kirushio hufungwa kwenye kamera, kipokezi hufungwa kwenye monita, kila kimoja kina betri yake, na vingi huibana picha kwanza ndipo viirushe, kwa hiyo unachokiona kinachelewa kidogo nyuma ya tukio. Ukivifunga pamoja na monita yenye udhibiti bila waya, ndipo mwongozaji anapoweza kukaa mita kadhaa kutoka kwenye kamera, monita mkononi, akaiona picha na kuiamuru kamera pasipo kamba yoyote. Hiyo ndiyo picha ambayo wengi wanayo kichwani wanaposikia maneno ya muuzaji. Ni kweli inawezekana, ila si kwa bei ya boksi moja.

Sasa swali la haki: kama monita imekaa juu ya kamera, sentimita chache tu kutoka kwenye vitufe vyenyewe, rimoti ya nini?

Jibu liko kwenye gimbali, kile kishikio chenye injini kinachoituliza kamera unapotembea. Mtu anayemfuata bi harusi kutoka kwenye gari hadi mlangoni mwa kanisa, huku mawifi wanamwaga maua na mashangazi wanapiga vigelegele, ana mikono miwili tu na yote imeshika mpini. Kamera imening'inia kwenye injini zinazoisawazisha. Kidole kikienda kutafuta kitufe cha ISO nyuma ya kamera, injini zinahisi msukumo, zinajitetea, na picha inatikisika hapohapo. Isitoshe, kwa gimbali nyingi mkono wake mmoja hupita nyuma ya kamera na kuiziba nusu ya skrini yake. Kwa hiyo watu huifunga monita kwenye mpini, chini, mahali macho yanapofika na dole gumba linagusa. Kama monita hiyo ingeiongoza kamera kwa waya, zingekuwa nyaya mbili zinazopanda kwenye gimbali, na kila waya mgumu ni mkono wa mtu anayevuta kamera. Kwa Bluetooth unabaki na HDMI moja tu, nayo ukichagua nyembamba na laini, injini hazilalamiki.

Kwenye magari ya utalii yanayotoka Arusha kwenda Tarangire au Ngorongoro faida ni hiyohiyo kwa sura nyingine. Kamera yenye lenzi ndefu imelazwa juu ya mfuko wa maharage ukingoni mwa paa lililofunguliwa, duma ameinua kichwa, na kitu cha mwisho unachotaka ni kuigusa kamera. Kwenye lenzi ndefu hata mguso wa kitufe cha kurekodi unaonekana kwenye picha.

Niti na jua la huku kwetu

Arusha iko nyuzi 3 na ushei kusini mwa Ikweta. Mara mbili kwa mwaka, Machi na mapema Oktoba, jua linapita karibu kabisa juu ya utosi, na kwa sababu saa zetu zinafuata wakati wa Afrika Mashariki nzima, kilele chake kinakuja yapata saa sita na nusu mchana. Ndio muda ambao misa imeisha na ndugu wa pande zote mbili wanataka picha nje.

Jua kali linaloanguka moja kwa moja hufikia luksi 100,000 hivi. Luksi hupima mwanga unaokiangukia kitu, na niti hupima mwanga unaotoka. Kioo cha monita hakimezi mwanga wote unaokiangukia. Sehemu hurudi machoni kwako. Tuseme kinarudisha asilimia 4 tu, na kuutawanya pande zote. Chukua 100,000, zidisha kwa 0.04, gawanya kwa 3.14: kioo kinang'aa kwa takribani niti 1,270 hata monita ikiwa imezimwa. Huo ndio ule ukungu mweupe. Skrini ya nyuma ya kamera yenye niti mia tatu au mia nne haina ubavu wa kushindana nao. Weusi wote unageuka kijivu, na unabaki kuona sura yako.

Ingia sasa chini ya turubai au mwembe, mwanga ushuke hadi luksi 10,000. Hesabu ileile inatoa niti 127 tu. Skrini ileile ya kamera iliyokuwa kipofu hatua tano nyuma sasa inasomeka. Kivuli kimefanya kazi kubwa kuliko pesa yoyote ambayo ungetoa dukani.

Kwa kipimo hicho namba za masoko zinaeleweka. Atomos Shinobi ya inchi 5.2 ilitoka na niti 1,000: kivulini ni raha, juani inataka kofia ya kukinga kioo. Monita za Portkeys na Feelworld za niti 2,200 zinaonekana juani bila kofia, ingawa si kwa raha ya kuangalia tamthilia. SmallHD Ultra 5 inafika 3,000. Lakini jicho halihesabu kwa namna mashine inavyohesabu. Mwangaza ukizidishwa mara mbili, jicho linaona ongezeko la wastani, haliioni mara mbili. Kutoka niti 400 kwenda 1,000 utaishangilia tofauti. Kutoka 2,200 kwenda 3,000 utaitafuta kwa makini, wakati pochi imeiona mapema.

Kofia ya jua, ile fremu nyeusi ya plastiki au kitambaa inayozunguka kioo, ndiyo kifaa cha bei rahisi kinachodharauliwa kuliko vyote. Boksi gumu la viatu lililopakwa rangi nyeusi ndani nalo linafanya kazi, japo halipendezi mbele ya kamati ya harusi.

Kuna na jambo la shati. Timu nyingi za video huvaa sare, na sare ikiwa nyeupe, mpiga video aliyesimama juani anageuka kuwa taa inayoelekea kwenye kioo chake mwenyewe. Ukisogeza kichwa unaona kabisa vifungo vya shati vikielea juu ya uso wa bwana harusi. Fulana nyeusi inaondoa hilo lote. Na miwani ya jua: ile yenye kichujio cha kukata mng'ao, inayopendwa na madereva wa watalii, inaweza kuifanya skrini ya monita iwe nyeusi ti kwa pembe fulani. Mwanga wa skrini za LCD hutoka umepangwa upande mmoja, na kichujio cha miwani kinazuia upande mmoja. Vikikutana vibaya, hakuna kinachopita. Wapo waliorudisha monita dukani wakidai imekufa, kumbe walitakiwa kuvua miwani.

Mwangaza una gharama. Monita kali inayochapa kazi kwa nguvu zote inaweza kula wati 15 au zaidi. Betri kubwa ya aina ya NP-F970, ya volti 7.2 na uwezo wa miliampia-saa 6,600 hivi, ina kama wati-saa 47. Gawanya kwa 15, ni saa tatu, na betri iliyozeeka itatoa pungufu. Ile ndogo ya NP-F550 inakupa kama saa moja, yaani inaisha kabla ya mchungaji hajamaliza mahubiri. Joto nalo linakuja pamoja na mwangaza. Baadhi ya monita zina feni ndani, na feni hiyo ikiwa karibu na maiki ya kamera utaisikia kwenye viapo. Monita isiyo na feni, ikiachwa juani kwenye dashibodi ya gari, kioo chake kinaweza kupiga weusi kwa muda kwa sababu maji-fuwele ya LCD yamepata joto kupita kiasi. Yakipoa, picha hurudi.

"Mbona kwenye monita ilikuwa safi?"

Hapa ndipo penye hasara za kweli, na ni hapa ningependa msomaji akae zaidi.

Picha inayorekodiwa haijui kama monita ipo. Ukiipandisha monita hadi niti 2,200, ukaishusha hadi 100 au ukaizima kabisa, faili lililo kwenye kadi ni lilelile. Kwa hiyo ile ahadi ya picha kung'aa ni hewa. Ubaya ni kwamba monita kali inaweza kukuharibia picha kwa njia ya mzunguko, kupitia macho yako.

Chukua siku ya kawaida. Nje ya kanisa, saa sita na nusu, umeifungulia monita mwangaza wote. Jioni mmeingia ukumbini, taa za rangi, mshereheshaji kashika maiki, na hukukumbuka kuishusha. Ndani ya giza lile, skrini ya niti 2,200 inawaka kama moto. Uso wa bi harusi unaonekana umejaa mwanga, hata umezidi. Unafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: unashusha ISO. Bado unaona safi. Unarekodi keki, unarekodi zawadi, unarekodi wakwe wakitambulishwa. Kesho yake kwenye kompyuta yenye mwangaza wa kawaida, ukumbi mzima ni giza, na ukijaribu kuupandisha, chenga zinajaa kwenye nyuso. Kinyume chake kinatokea juani kwa monita hafifu. Unaona giza, unafungua lenzi, na shela linaungua likawa kipande cheupe kisicho na uzi wala kushonwa. Shela lililoungua halirudi, hata ukimpelekea mhariri bingwa wa mji mzima.

Kwa hiyo mwangaza wa monita ni wa kukuwezesha kuona fremu, fokasi na kinachoendelea. Kupima mwanga ni kazi ya vipimo vilivyo ndani ya monita hiyohiyo, ambavyo watu wengi hawajawahi kuvifungua. Mistari ya zebra hujichora juu ya sehemu zilizofikia kiwango ulichokiweka. Iweke karibu na asilimia 95 (100 ni weupe kamili) na shela litakwambia lenyewe linapokaribia kuungua. Grafu ya mwanga huonyesha picha nzima kwa urefu, giza chini na weupe juu, na haijali kama uko juani au gizani. Rangi bandia hupaka kila kiwango cha mwanga rangi yake, kiasi kwamba unajua uso umekaa wapi bila kubahatisha. Vipimo hivi vinasoma data inayotoka kwenye kamera, na data haibadiliki kwa sababu umebana macho.

Tahadhari moja kwa wanaojifunza kwenye video za ughaibuni: ile kanuni ya kuweka uso kwenye asilimia 70 imetokana na ngozi nyeupe. Ukimpandisha Mchaga au Mmeru mweusi hadi 70 umemchujua. Ngozi nyeusi inakaa vizuri chini ya hapo, wengi wetu kati ya 40 na 55 kwa picha ya kawaida. Na kama unarekodi kwa log, ile picha iliyopauka inayosubiri kupakwa rangi baadaye, namba zote hizi zinashuka. Hapo rejea mwongozo wa kamera yako.

Hilo linatuleta kwenye LUT. LUT ni jedwali linaloiambia monita ionyeshe rangi fulani kwa namna fulani, ili picha ya log iliyopauka ionekane kama itakavyokuwa ikikamilika. Watu huogopa kwamba wakiiweka, rangi itabaki kwenye rekodi milele. Wengine huiweka wakidhani wameshamaliza kazi ya rangi. Wote wamekosea upande mmoja. LUT iliyo kwenye monita inabadilisha unachokiona wewe tu. Faili kwenye kadi linabaki limepauka. Zile monita zinazorekodi ndizo zenye mjadala, kwa kuwa baadhi hukuruhusu kuichoma LUT ndani ya rekodi zake zenyewe, na hapo lazima ujue umechagua nini.

La 4K, yaani picha yenye pikseli mara nne ya ile ya 1920 kwa 1080, nitalipitia haraka. Monita nyingi za inchi 5 zilizoandikwa 4K zinapokea mawimbi ya 4K kwenye tundu la HDMI, kisha huyapunguza, maana kioo chenyewe ni 1920 kwa 1080. Si kasoro. Kwa kioo cha inchi 5 hizo pikseli zinatosha na kubaki: skrini ya nyuma ya Sony a7 III, kamera iliyojaa kwenye harusi zetu, ina nukta 921,600, yaani pikseli 640 kwa 480 tu. Fokasi inayoonekana kali pale inaweza kuwa imekosea kope na kukamata sikio.

Kamera yako ipo kwenye orodha?

Sehemu ya rimoti ndiyo yenye masharti mengi, na wauzaji huyaruka. Bluetooth kwenye monita na Bluetooth kwenye kamera si uhakika kwamba vitaelewana. Kila kampuni ya kamera ina lugha yake ya amri, na baadhi haziifungui lugha hiyo kwa watu wa nje. Blackmagic waliiweka wazi, ndiyo maana Pocket Cinema Camera 4K ya mwaka 2018 ilipata wafuasi wengi wa udhibiti wa namna hii: unawasha Bluetooth kwenye kamera, monita inaitafuta, kamera inaonyesha namba ya tarakimu sita, unaiingiza kwenye monita, yamekwisha. Na kamera ile ndiyo iliyoihitaji hasa, maana skrini yake ya inchi 5 haikunjuki. RED Komodo inaongozwa kwa Wi-Fi. Kwa kamera nyingine monita ileile inaweza kudai waya wa ziada ili iongoze, au ikaweza kuanzisha na kusimamisha rekodi tu, au isiweze chochote.

Kwa hiyo neno "Sony" au "Canon" kwenye boksi halitoshi. Kinachotakiwa ni jina kamili la modeli, kwenye orodha ya mtengenezaji wa monita, pamoja na toleo la programu ya ndani ya kamera na ya monita. Orodha hizo hubadilika. Kamera ambayo jana haikuwemo huongezwa kwa sasisho. Lenzi nayo ina kauli. Kama unatumia lenzi ya zamani ya kuzungusha kwa mkono, hakuna amri ya hewani itakayofungua uwazi wake, kwa sababu hakuna injini ndani ya kuitii. Na kama simu yako bado imeshikana na kamera kupitia programu ya kuhamishia picha, achanisha kwanza: kamera mara nyingi hukubali kifaa kimoja kwa wakati mmoja.

Kuhusu hofu kwamba ukumbi wenye simu mia tatu utavuruga mawasiliano: Bluetooth hurukaruka kati ya chaneli kadhaa ndani ya masafa ya 2.4 GHz ili kukwepa msongamano, na kwa umbali wa nusu mita kutoka kwenye mpini wa gimbali hadi kwenye kamera, kwa kawaida inajimudu. Ikikatika, kamera iliyokuwa inarekodi inaendelea kurekodi. Waya wa HDMI ndio unaostahili hofu yako. Kamera kama a7 III zina tundu dogo kabisa la HDMI, na waya ukining'inia bila kubanwa kwenye fremu ya kamera, kila msukosuko unalilegeza hadi picha ianze kupepesa katikati ya viapo. Kibano cha waya ni cha bei ndogo, na kubadilisha tundu kwa fundi ni habari nyingine.

Kabla ya kulipa, nenda dukani na kamera yako mwenyewe, lenzi yako na waya wako. Muombe muuzaji utoke na monita hadi barazani penye jua, uivue kofia, uelekeze kamera kwa mtu aliyevaa nyeupe, na uone kama unaweza kusoma zebra. Kisha unganisha Bluetooth hapohapo, ujaribu amri moja baada ya nyingine: rekodi, ISO, shata, rangi ya mwanga, uwazi, fokasi. Zima kamera, iwashe tena, uone kama inaunganika yenyewe au inadai uanze upya, kwa sababu siku ya kazi utaizima na kuiwasha mara nyingi. Ikiwa amri unazozihitaji hazipiti kwenye modeli yako, uliza bei ya monita yenye niti hizohizo isiyo na rimoti. Kwa kawaida huwa chini, na tofauti hiyo inanunua betri mbili za NP-F970 na kofia.